Mpaka Kwenye Kamba ya Maboya

Jumapili, 4 Mei
Nimegeukia njiani tena. Saa kumi na mbili asubuhi, maji ya bahari ya Dubai vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani, naogelea vizuri kabisa mpaka mchanga wa chini unapopotea machoni. Hapo mikono inakataa. Rafiki zangu Akinyi na Nakato walikuwa wameshaishika kamba ya maboya, mwisho wa eneo la kuogelea, wananipungia. Nimewaambia mguu umekaza. Uongo. Ni woga. Mtoto wa Dodoma mimi. Kuogelea nimejifunzia kwenye bwawa la hoteli ninayofanyia kazi, mapokezi. Kule vigae vyote vinaonekana.

Jumatano, 7 Mei
Nakato kapiga simu. Familia anayoilelea watoto inahamia Muscat, na madam anaondoka naye. Tarehe ishirini na moja. Mapumziko yake ni Jumapili tu, kwa hiyo zimebaki mbili. Nataka niishike kamba ile naye. Sijataka kitu hivi tangu mitihani ya chuo.

Jumapili, 11 Mei
Nimeshindwa. Mara tatu. Ya tatu nimelia ndani ya miwani ya kuogelea, ikajaa. Akinyi ni mlinzi wa jengo, huongea kama anafukuza wezi: "Wee Rehema, bahari haina haja na wewe! Wacha kujipa umuhimu!" Nimemchukia dakika tano hivi. Kisha nimekula chapati zake nne.

Alhamisi, 15 Mei
Nahesabu pumzi kazini. Mgeni kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 18 Mei
Nakato kaja na dumu tupu la mafuta ya kupikia, la njano, kalizungushia kanga. Kwao ziwani watoto hujifunza kuogelea kwa dumu. Akinyi kacheka mpaka kakaa mchangani. "Dubai yote hii, na sisi tunaenda baharini na mtungi wa mafuta!"

Nikalikumbatia, nikapiga miguu, wao wawili wametangulia kambani. Mchanga ukapotea. Nikaendelea.

Kumbe hakuliosha. Kanga ikalegea, maji yakameremeta rangi rangi, dumu likanichomoka kama kambare. Upepo ukalichukua. Nikalifuata kwa hasira, natukana Kigogo kitupu. Nikilikaribia linateleza, linakwenda. Mwisho nimelinyaka kwenye kishikio, na mkono wa pili ukagonga kitu kigumu.

Kamba.

Nimepiga ukelele, mwokoaji kasimama kitini kwake. Akinyi anapiga maji kwa viganja: "Yalla, Rehema!" Nakato kanishika shingo, karibu tuzame wote: "Kumbe ulikuwa unatudanganya, mukwano wangu, rafiki yangu!"

Tumening'inia pale watatu. Chini hakuna kitu. Kijani tu. Nimekitazama muda mrefu.

Jumatatu, 19 Mei
Zamu ya asubuhi. Nimeinama kumwandikia mgeni namba ya chumba, maji ya bahari yakanitoka puani, tone moja kubwa, juu ya fomu yake. Nimeomba radhi, nimempa nyingine. Nakato anafungasha. Mabega yanauma, kunyanyua kalamu tu ni kazi.

Leo sijamsimulia mtu habari ya kamba.