Ngozi ya Nyibol

Jumatatu, 5 Novemba 2012. Kakuma, kambini
Nimejipaka majivu tena. Kwetu tulipaka ya samadi ya ng'ombe, laini kama unga. Hapa sina ng'ombe. Natumia ya kuni za mathenge, ule mti wa miiba; yanawasha. Viwiko vina magamba meupe, kama miaka yote. Goti la kushoto limepasuka.

Jumapili, 18 Novemba
Kanisani, wakati wa kupeana amani, mikono niliiweka mfukoni. Achol, mke wa mwanangu, aliona. Nyumbani akakung'uta mkeka wangu. "Baba, hii magamba ni ya samaki gani? Na sisi hatujakula samaki!" Nikacheka. Sikupenda kicheko changu.

Ijumaa, 14 Desemba
Nyibol alianza hivi. Dada yangu. Viwiko, magoti, kichwa. Wazee wakasema ni ukoma, wakamjengea kibanda ng'ambo ya mto. Nilikuwa mdogo. Nilimpelekea maziwa, nikayaacha mchangani, nikarudi mbio. Mvua zilipokuja mto ulifurika. Hatukumwona tena.
Siendi zahanati. Kwetu nilishafukuzwa kwa bunduki. Sitaki kufukuzwa kwa sababu ya ngozi.

Jumatano, 9 Januari 2013
Homa. Goti lina moto, linatoa usaha. Uvimbe umepanda hadi pajani. Ngozi yangu naijua. Hii si ile ya miaka yote. Naogopa.
Achol amefunua shuka bila kuuliza. "Baba, unaficha nini, na inanuka? Twende. Ukikataa naita boda, wakubebe kama gunia." Nimekubali.

Alhamisi, 17 Januari. Lodwar, hospitali
Zahanati ilinileta huku. Sindano, dripu, usingizi. Leo daktari amenishika viwiko kwa mikono mitupu. Soriasi, amesema. Haiambukizi. Haiishi kabisa, ila hutulizwa. Majivu yaliichoma ngozi, vijidudu vikaingia. Nikiona tena usaha, homa au uvimbe unaopanda, nije siku hiyohiyo.
Akauliza kama kwetu kuna mwingine. Nikamweleza habari za dada. "Mzee, hii mara nyingi inatembea kwa familia. Pengine hata yeye hakuwa na ukoma."
Sikula chakula cha jioni.

Jumapili, 27 Januari. Kakuma
Homa imekwisha. Nimewapitia kichwani wote waliomjua Nyibol: waliokaa siku ile wakaamua, waliobeba miti ya kibanda, mama. Hakuna aliye hai wa kuambiwa.
Achol alikuwa ananipaka mafuta mgongoni, anaimba. Nikamwambia yeye: pengine Nyibol hakuwa na ukoma. Akaacha kuimba, akaendelea kupaka.