Mwisho Niliomtungia Ayeeyo

Alhamisi, mtaani kwetu Waberi. Jua limewaka tangu asubuhi na hakuna hata upepo wa kusogeza pazia. Nimejifungia chumbani mwa Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba. Wanawake waliokuja kutupa pole wako uani wanakunywa chai.

Tulimzika Jumanne. Niseme ukweli: walimzika Jumanne. Simu ilinifikia alfajiri nikiwa Kisumu, na basi lilipovuka daraja la Tana kuingia mjini kwetu, Ayeeyo alikuwa mchangani tangu adhuhuri.

Nina jambo la kuungama. Nyumbani humu siwezi kulisema, kwa hiyo naliandika hapa, mnaposoma watu nisiowajua.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mmoja wa bara, alipopata uhamisho. Aligawa vitabu vyake darasani, nami nikaangukiwa na riwaya isiyo na jalada. Ilikuwa habari ya msichana anayeitwa Nasike, aliyelelewa na bibi yake, na aliyetaka shule kuliko kitu chochote. Niliisoma mara nne mwezi huo. Mpaka wakati ule nilidhani msichana kutaka kitu sana ni kukosa adabu. Nasike alitaka, akasema kwa mdomo wake kwamba anataka, na bado alikuwa mtoto mzuri wa watu. Nikaanza kunyoosha mkono darasani. Nikanunua daftari nikawa naandika kila siku kama yeye. Hii blogu imetoka kwenye daftari lile.

Ayeeyo hakujua kusoma. Tulipokuwa tunangoja matokeo ya mtihani alinikuta nalia, kitabu mkononi, akadhani nimepata barua ya msiba. Nilipomweleza, akasema basi na yeye asomewe.

Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri, yeye akisuka mkeka, nilikuwa nasoma Kiswahili kimoyomoyo na kumwambia kwa Kisomali. Jina Nasike lilimshinda, akamwita tu "gabadha", yaani yule msichana. Alikuwa msikilizaji mkali. Nikiruka neno, anauliza. Nikizubaa mwisho wa ukurasa, ananiambia, "Geuza." Halafu jioni anawasimulia majirani sehemu yote niliyosoma bila kupoteza hata kipande, na kesho yake wanawake wa mtaa wananisimamisha njiani kuniuliza gabadha amefikia wapi. Nilijiona mtu mkubwa.

Shida ilikuwa mwisho wa kitabu. Asubuhi Nasike anapoondoka kwenda chuo, bibi yake anaanguka jikoni. Nasike anaweka sanduku chini na kubaki. Anamuuguza mpaka bibi anafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mjukuu. Chuo hakimngoji. Kitabu kinaishia hapo.

Siku tuliyofika hapo, barua yangu ya kuitwa chuo Kisumu ilikuwa na wiki nzima juu ya kabati. Aabo, baba yangu, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa anangoja neno la mama yake, na kila mtu nyumbani alijua hivyo.

Nilidanganya.

Nilikodolea macho ukurasa uleule, nikamwambia Ayeeyo kwamba bibi alilibeba sanduku mwenyewe mpaka barabarani, akamwambia gabadha aende asigeuke nyuma. Maneno yalinitoka kirahisi mno, na hilo linaniaibisha mpaka leo. Ayeeyo aliacha kusuka. Akaniangalia. "Imeisha?" Nikasema imeisha. Siku tatu baadaye nilimsikia akimwambia Aabo, "Mwache aende."

Nikaenda. Nimesoma miaka miwili nikijua nafasi hii niliipata kwa kumdanganya mwanamke asiyejua kusoma.

Wiki iliyopita shangazi yangu, Eedo Sahra, alinipigia simu kuniambia kwamba Ayeeyo hali chakula. Nikasema nitakuja nikimaliza mazoezi ya kufundisha, zimebaki wiki mbili tu. Ayeeyo akaomba simu. Sauti ilikuwa imeisha kabisa, lakini aliuliza swali lake la siku zote: unasoma? Nikasema nasoma. "Basi soma," akasema, akamrudishia Eedo simu.

Sikusikia sauti yake tena.

Leo asubuhi alikuja Mama Kanini, Mkamba anayeuza sukumawiki na nyanya kwenye kona ya mtaa wetu. Yeye hajui Kisomali, na Ayeeyo alijua Kiswahili cha sokoni tu, kila p akiitamka b, lakini walikuwa marafiki wa miaka mingi. Alinishika mikono, akanipa pole, kisha akauliza kama kile kitabu bado kipo.

"Kitabu gani, mama?"

"Si kile hakina jalada. Kabla uende chuo, kesho yake ulipomaliza kumsomea, aliniletea pale kibandani. Akaniambia, 'Mama Kanini, soma mimi hii ya mwisho, bole bole.' Nikamsomea. Akaniambia nirudie tena."

Nikamuuliza alitaka kusomewa kwa nini.

"Alisema mtoto amemaliza hadithi na karatasi hajageuza. Akanionyesha. Zilikuwa zimebaki tatu."

Siku zote zile nilidhani anasikiliza gabadha peke yake. Kumbe alikuwa anasikiliza na karatasi.

"Na ulipomaliza kumsomea, alisema nini?"

Mama Kanini alijipangusa macho kwa leso. "Alikifunga kitabu huyo mama. Halafu akasema, 'Hii ya kitabu, wacha. Ya mtoto yangu ndio mimi nabenda.' Akaniambia nisikuambie kitu."

Hapa nilipo namsikia Eedo Sahra uani akiwasimulia wageni hadithi ya gabadha, jinsi Ayeeyo alivyokuwa akiwasimulia. Amefika pale bibi anapobeba sanduku. Kuna mtu analia, na si mimi peke yangu.

Nimekuwa nikiona haya kwa sababu nilimdanganya. Sasa najua sikumdanganya hata kidogo, na maumivu yamezidi. Alijua kwamba katika mwisho wa kweli bibi anakufa ameshikwa mkono. Alisomewa mara mbili.

Akachagua ule wangu.

Kitabu nimekikuta chini ya mto wake. Zile karatasi tatu sijawahi kuzisoma kwa sauti. Kesho nikishaswali alfajiri nitakaa kwenye mkeka wake, nizisome zote kwa Kisomali, polepole, na kila nikifika mwisho wa ukurasa nitageuza.