Usiku Mmoja Hadi Amsterdam

Kasokola,
Mpanda – Rukwa.
14 Juni, 1996.

Mpendwa mdogo wangu Obadia,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona? Sisi tupo, ila baba mguu unamsumbua. Mahindi tumeshavuna.

Barua yako niliisoma mbele ya wote, kama tunavyofanya siku zote, na balaa likaanzia hapo. Nilikuuliza mwenyewe safari ilichukua siku ngapi, maana hukuwahi kusema. Umejibu kwamba ulipanda ndege Dar jioni, ukalala, asubuhi ukawa Amsterdam. Baba akataka nirudie. Nikarudia. Akasema hata kwenda Tabora kwa treni tunalala usiku mmoja, sasa hiyo ni Ulaya gani, jirani ya Tabora?

Halafu bahasha ina stempu ya Tanzania. Eti ulimpa mtu anayerudi aiposti Dar. Haya, inawezekana. Lakini sikufichi, hata mimi nilikushuku.

Maneno yakawafikia shemeji zako. Wakasema umeoa Tabora, wakamtuma mwenzao Lyamba akutafute. Kazunguka siku nne, mwisho kamwona mtu kwa nyuma, mwendo wako kabisa. Alipomwita akageuka, kumbe mzee wa watu mwenye upara! Bado wanasema Jumamosi ya mwisho ya Agosti wanakuja kumchukua dada yao na mtoto. Baba hakuwakatalia.

Basi nikamwendea mwalimu Enoka, anayefundisha jiografia. Akaja na ramani ya shule na uzi, akapima mbele yetu sote. Mpanda mpaka Tabora uzi haukuzidi ukucha. Dar mpaka Amsterdam ukawa shibiri nzima. Akasema ni kilomita zaidi ya elfu saba, na ndege inakata kama mia nane kwa saa, kwa hiyo ni saa tisa, kumi hivi. Baba akapima tena mwenyewe, mara mbili, akaguna, akakubali kwamba uko Ulaya kweli. Nilifurahi mno, nikajua yameisha.

Mkeo Gaudensia naye alikuwa akiutazama ule uzi. Ndipo akauliza:

“Kama ni usiku mmoja tu, mbona miaka miwili hajaja?”

Wewe ulimuaga kwa masomo ya mwaka mmoja, Obadia. Mwalimu akakunja ramani yake. Na mimi ninachoshuku sasa si Tabora tena.

Tangu siku ile wifi anafua nguo za mtoto na kuziweka pembeni, hazirudishi kabatini. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Na habari za ndege uziache.

Baba anakusalimu, na Masele, na mama mdogo Odeta. Mungu akulinde huko uliko, akupe na ujasiri wa kusema kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,
Specioza