Sura Ulizochora Bado Zinaonekana

Yaya Riziki, mkubwa wangu wa kazi,

Ile breveti ya GIF, hati ya mwenye kumiliki njia ile ya kubana picha, imeisha. Nimesoma habari hiyo leo asubuhi ofisini, nikageukia kiti chako nikuambie. Kiti kipo. Wewe hupo.

Unakumbuka watu waliposhuka kutoka milima ya Bijombo wakikimbia vita, picha zao zimeungua pamoja na nyumba. Uliwakalisha akina mama, ukawauliza pua iko namna gani, akicheka jino gani linatangulia, ukachora waliopotea. Tukaweka michoro kwenye tovuti ili ndugu walio katika kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa waione. Mama mmoja wa Runingu aliona uso wa mwanawe ukitoka kwenye penseli, akaanza kuuongelesha kwa Kirundi.

Kisha rafiki wa Ulaya aliyetutunzia tovuti akatuonya: michoro yote ilihifadhiwa kwa aina ya GIF, na njia inayobana picha za GIF ina mwenyewe, ana breveti, anadai leseni. Tusipoziondoa, tovuti itafungwa. Mimi nilikasirika. Wewe ulicheka tu. "Aikamate GIF yake. Sura ya muntu iko ya muntu, weye."

Ndipo ukanionyesha PNG, aina nyingine ya kuhifadhi picha. Watu wa nchi mbalimbali, wengine hawajawahi kuonana, walitengeneza njia nyingine wakaiachia dunia nzima bure. Bado nashangaa, Yaya. Bunduki zinalia upande wa Kamanyola, na kumbe mtu huko mbali ametufanyia kazi bila kutujua. Kila jenereta ilipowaka tulibadilisha mchoro mmoja mmoja, nawe ukitaja jina la mtu kabla ya kubonyeza, kama unayemwamsha. Hakuna mstari uliopotea.

Malaria ilipokuchukua, hatukupata picha yako hata moja. Wewe uliyechora wote! Nikakaa na mama yako, nikamuuliza pua iko namna gani. Akasema, "Huyu anacheka na macho kwanza." Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Nikataja jina lako, nikabonyeza.

Juzi mwanamume mmoja alivuka kutoka kambini. Alimwona mkewe katika mchoro wako, akauonyesha watu kambi hadi kambi, na amempata, yuko hai. Akaomba kumshukuru aliyechora. Nikamwambia jina lako, nikamfungulia sura yako. Akavua kofia, akakusalimia kwa jina.

Sasa GIF ni ya kila mtu, lakini sitarudi huko. Pumzika, Yaya. Kila nikiwasha mashine, nitaanza kwa kutaja jina lako, halafu nitachonga penseli.

Mdogo wako wa kazi,
Neema