Maganda ya Manjano na Macho ya Nasra

Alhamisi, 21 Julai 1994

Manyunyu tangu alfajiri, Bondeni kote utelezi. Nimerudi kutoka Mji wa Kale na hasira nisiyojua pa kuitua.

Mume wangu Athman aliponirudisha kwa mama, Nasra wetu alikuwa hajaanza kukaa. Kisa kilikuwa macho ya mtoto. Mimi na baba yake tuna macho meusi. Ya Nasra ni ya kijani, kama ya paka. Talaka hakunipa. Alisema tu mbele ya mama yake, "Baba wa huyo kamtafute mwenyewe," na mtaa ukamalizia.

Sikubishana. Nilikumbuka somo la bayolojia, nikapanda maharagwe kwenye makopo roshani. Ya maganda ya kijani niliyapata sokoni. Ya manjano alinipa mama mmoja wa bara auzaye mboga Mwembe Tayari. Nikapasua ua changa la mmea wa kijani, nikatoa sehemu za kiume kwa kibano cha nyusi, nikapaka unga wa ua la mmea wa maganda ya manjano.

Ganda likatoka kijani. Mama akacheka: "Mwanangu, sasa waolewa na kunde?"

Nikamwambia ganda ni mwili wa mmea mama. Tungoje mbegu zake. Nilizipanda, mimea yote ikazaa maganda ya kijani. Nikapanda tena mbegu za hiyo, na mwezi huu kama robo ya mimea imezaa manjano. Manjano, kutoka kwa wazazi wa kijani! Na maua yote niliyafunga vitambaa, asije mtu akanitajia nyuki wa jirani.

Leo nikang'oa mmea mmoja wa kila aina, nikampelekea Athman dukani kwake. Nikamweleza polepole: rangi yaweza kujificha kwa wazazi wote wawili, ikajitokeza kwa mtoto. Alisikiliza vizuri, akaligeuzageuza ganda la manjano mkononi.

"Mama Nasra, umejisumbua bure," akasema. "Macho hayo alikuwa nayo nyanya yangu, mzaa baba. Niliyajua siku ya kwanza."

Siku ya kwanza.

Nikamuuliza, basi mbona?

"Mama ataka nimuoe binti wa ndugu yake. Ningekuacha hivihivi, lawama zingekuwa zangu." Akanirudishia ganda. "Haya, nenda. Wateja waja."

Nilidhani shida yake ni kutojua. Msimu baada ya msimu nimemwandalia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Na nakiri, nilijivunia. Nilimwona kichwani mwangu akiinama, akiomba radhi, akimbeba mwanawe mbele ya watu. Mjinga mimi, mwenye cheti cha sekondari.

Njiani nimeyatupa maganda mtaroni.

Lakini kuna jambo nimeligundua nikivua buibui. Muda wote huu nimeogopa kumpeleka Athman kwa kadhi, kwa kuwa mtu anayeamini uongo wake huapa bila kutetemeka. Leo najua haamini.

Kesho mapema nitakwenda. Sitabeba mmea wala sitamfunza mtu kitu. Nitaomba Athman aitwe, apewe Msahafu mkononi mbele ya mama yake, aape kwamba Nasra si damu yake.

Aape, nimwone.