Mashine Haijui Jina la Sarafu

Kambini, Mwinilunga, Zambia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Na ule mguu wako unaojua mvua kabla ya redio, unasemaje msimu huu? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo na nimekuwa mweusi kama sufuria la msibani, lakini nakula na nalala, nashukuru Mungu.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani anaishika Kaka Obadia, na ninachotaka kusema kinamhusu. Amenieleza mwenyewe, tena kwa furaha, kwamba wageni wawili wamefika Msangano na mashine ya kutafutia madini, wakaipitisha nyuma ya nyumba, ikalia juu ya kaburi la Mama. Kwenye kioo chake ikaonyesha namba sabini na nane. Wanasema ni rupia za Mjerumani, na kwamba Jumamosi utawajibu kama wachimbe au waache. Baba, nakuomba wasichimbe.

Najua utasema, huyu mpishi amejulia wapi mambo ya mashine. Kweli nilikuja kuwapikia wachimba dhahabu. Lakini siku moja Ba Mulenga, mwenye kambi, alinisikia nikibishana na mchimbaji kwamba mlio aliokuwa akiukimbilia ulikuwa wa kizibo cha bia. Tukafukua, kikatoka kizibo. Akanivisha vile visikizio akisema, "Mukwai," ndivyo wanavyomwita mtu kwa heshima huku, "wewe una masikio. Sufuria atashika mwingine." Tangu hapo nazunguka na mashine kutwa nzima, mgongo unaniuma kama nimepalilia ufuta peke yangu, na tunachookota zaidi ni misumari.

Siku ya mvua, kazi ikiwa imelala, alinifundisha namba kwa mfuko wake wa sarafu kuukuu. Aliweka chini shilingi mbili za mkoloni, zote zina simba yule yule. Moja ikasema sabini, nyingine hamsini na kitu. Nikadhani mashine imelewa. Kumbe ile ya zamani ilichanganywa na fedha kidogo, na iliyofuata hawakutia hata chembe. Sura moja, tumbo mbalimbali. Kisha akaichukua ile ya kwanza, akaisimamisha kwa ukingo kwenye udongo, namba ikashuka. Akaweka msumari kando yake, namba zikaanza kurukaruka. Nikamuuliza, "Sasa ukweli ni upi?"

"Awe," akasema, yaani hapana kwa Kibemba. "Mashine haijui jina la kitu. Inajua kuna kitu tu. Jina unakipa wewe, kwa tamaa yako."

Na dhahabu, Baba, hizi punje tunazookota, haina makelele. Inaguna kwenye namba za chini kule, karibu na karatasi ya pakiti ya sigara. Debe tupu ndilo linalovuma. Sabini na nane inaweza kuwa shaba, inaweza kuwa kipande cha kitasa. Lakini sitakudanganya: rupia nazo zingeweza kulia hivyo. Kwa namba peke yake siwezi kukuzuia wewe, sembuse Obadia, ambaye atasema nimekwenda mbali ili nirudi mwalimu.

Basi niseme ninachokijua bila mashine. Mficha uchi hazai.

Unazikumbuka senti kumi za Mama, zile zenye tundu, sita kwenye waya? Alizifunga kwenye mfuniko wa kopo la sukari ili mkono wa mtoto ukigusa zilie, naye atokee na mwiko. Zilipotea wiki ya msiba. Ukasema aliyepanga vyombo ni Shangazi Roida, dada yako, na tangu siku hiyo hujala tena kwake.

Nilizichukua mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Watu walipotawanyika nilikwenda kaburini na kijiko, nikachimba chini ya msalaba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko, nikaziacha humo. Nilitaka Mama asikie mtu akija kumgusa. Baadaye nilipoona mnavyosalimiana juu juu, wewe na dada yako, niliogopa kusema, na jinsi miaka ilivyopita woga ukazidi. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika.

Sarafu ndogo iliyozama kupita kina hicho cha kiwiko, mashine haiisikii. Kwa hiyo kafukueni pale chini ya msalaba kabla ya Jumamosi, kwa mkono, si kwa jembe. Mkishazitoa, wale wageni wapitishe mashine yao tena, Obadia akiwepo. Itanyamaza. Kisha mzirudishe zilipokuwa, tafadhali.

Nisalimie Kaka Obadia, mwambie sina kinyongo naye, njaa ya utajiri hata huku tunaiugua wote. Nisalimie mke wake anayenitunzia mbuzi, na mjomba wa Nakonde akivuka mpaka, na kinamama wa kwaya.

Barua hii nimempa dereva wa lori aifikishe kwa Shangazi Roida pale Tunduma, naye aje Msangano akusomee, kwa kuwa macho yako hayataki tena maandishi madogo. Sikumwambia kilichomo. Shangazi, sauti inayosoma hapa ni yako. Nisamehe. Rudi pale kwenye senti, upasome tena polepole, Baba asikie vizuri kwamba si wewe.

Binti yenu,
Enesi