Mimi Siyo Chupa

Bashay, Mbulu
Juni 1987

Kwa mwanangu Zita, huko Masakta.

Marahaba, mwanangu. Najua shikamoo hukunitumia, lakini mimi nimeitikia, maana mtoto niliyemzaa hawezi kunikosesha shikamoo eti kwa kuwa amenuna. Hujambo? Mtoto hajambo? Maziwa yanatoka? Mumeo Basili hajambo na lile kombaini lake la kuvunia ngano? Huku hatujambo. Mahindi ni hivyo hivyo, nusu yetu nusu ya ndege. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, kaka yako Felician akanuna siku nzima kama vile ni mimi niliyezaa. Baridi ni ile ya mwezi huu, ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi.

Anayeandika ni Tadeo katekista. Amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, mimi niko ndani karibu na moto, kwa hiyo nasema kwa sauti kubwa. Majirani wanaisikia barua yako kabla yako. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu, aandike yanavyotoka. Amesema yakiandikwa yanavyotoka karatasi itakwisha hatujafika kwenye habari.

Habari yenyewe ni hii. Fransiska, mke wa kaka yako, alikwenda mnadani, akarudi na maneno yako. Kwamba umesema mama yako amekutupa. Umezaa mtoto wa kwanza, mama hakuja kukupikia uji, hakuja kumwogesha mtoto, hata kibuyu cha samli hakutuma. Na kwamba kama ni hivyo, mtoto huyo Bashay hataletwa. Una haki, Zita. Ningekuwa wewe ningesema mabaya zaidi, na mdomo wangu unaujua.

Lakini samli niliitengeneza. Nilitikisa maziwa mwenyewe, nikachemsha, nikajaza kile kibuyu cha bibi yako chenye shingo ndefu. Kipo, kimening'inia hapa juu ya kichwa changu. Hakikuja kwa sababu nilikijaza kwa mikono yangu hii.

Unakumbuka yale matezi ya shingoni niliyosema ni baridi? Haikuwa baridi. Felician alinipeleka hospitali kubwa, wakatoa damu, wakasema ni kansa ya damu. Usilie, utakausha maziwa. Daktari alisema ni ile inayotembea polepole. Nikamwambia basi tutakwenda wote, maana na mimi miguu ni mibovu. Nilikataza usiambiwe kwa kuwa ulikuwa na mimba.

Wakaniandikia vidonge vya kumeza. Pale dirisha la dawa kuna mfamasia, kijana anaitwa Nikolausi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Yule hakupi dawa mpaka ufundishwe. Alitukalisha kwenye benchi wote wenye vidonge vya kansa, akasema dawa hii ni kali, inapiga ugonjwa, lakini ukikosea inakupiga wewe. Kidonge kimezwe kizima, kisivunjwe, kisitwangwe kwenye uji. Mimi nilikuwa nimekusudia hasa kutwanga kwenye uji. Ukisahau, usimeze viwili kufidia. Ukipata homa, usingoje, njoo mbio. Na usimgawie mtu, hata awe na ugonjwa kama wako. Mzee mmoja wa Gitting akauliza, hata mke wangu? Akaambiwa hata mkeo. Mzee akasema dawa hii basi ina choyo kuliko mkwe wangu, tukacheka wote, wagonjwa sisi.

Halafu ndiyo akasema lile neno. Vidonge asiviguse mtu mwingine, na zaidi sana mwanamke mwenye mimba, wala mtoto. Mimina kwenye kifuniko, meza, nawa mikono, funga chupa, weka mbali.

Nilirudi nikifikiri njia nzima. Kama chupa haiguswi, na kilichokuwa kwenye chupa sasa kiko tumboni kwangu, basi chupa si ndiyo mimi? Na wewe una mimba. Na hapa nyumbani kuna watoto. Sikumwuliza mtu. Unajua kwetu mambo haya yanavyokwenda, ile metimani ya wazee, kwamba mtu akipatwa na jambo anakaa peke yake, hagusi mtu, hanywi kikombe cha mtu, haingii kwa jirani. Padri alikataza zamani, tukaitikia amina, lakini miguu yetu haikuwepo kwenye mahubiri. Nikawaambia watu wa hapa, dawa yangu ina mwiko, msiniguse. Hawakubisha. Nilidhani Felician angebisha kidogo.

Basi nikahamia kile chumba cha ndama. Kikombe changu, kigoda changu, moto wangu. Fransiska anaweka sahani kwenye jiwe, anarudi nyuma, anasema mama, chakula. Hajanikosea yule, nyama laini ananiwekea mimi. Watoto wanasalimia kutoka zizini, shikamoo bibi, kwa makelele kama wanaita ng'ombe. Kanisani nakaa benchi la nyuma, na wakati wa kupeana amani naangalia viatu vyangu. Jioni naongea na ndama. Ananisikiliza vizuri, ila hajibu. Marehemu baba yako naye hakuwa mtu wa kujibu, kwa hiyo nimezoea. Lakini baba yako alikuwa anakohoa, nikajua kuna mtu.

Niliporudi hospitali kuchukua vidonge vingine, Nikolausi hakunipa hivi hivi. Anataka umfundishe yeye, kama yeye ndiye mgonjwa. Nikamweleza yote, sikukosea. Nikamalizia kwa kujisifu, kwamba na watu siwagusi kabisa, hata binti yangu amezaa juzi na sijaenda. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza nani alikuambia hivyo. Nikasema wewe.

Akatoka kwenye chumba chake cha dawa, akazunguka, akakaa na mimi kwenye benchi. Akasema, mama, ninayoifungia ni dawa, siyo wewe. Wewe siyo chupa. Ukitapika, anayefuta avae mfuko wa nailoni mkononi, na nguo iliyochafuka ifuliwe peke yake. Lakini pika, kula na watu, mpakate mtoto, nawa mikono tu kama kila mtu. Halafu akanyoosha mkono tusalimiane. Mimi nikaficha yangu ndani ya shuka.

Sasa, Zita, hapa ndipo penye neno lenyewe. Tadeo, andika, usiniangalie. Hayo niliambiwa wakati kitovu cha mtoto wako hakijadondoka. Ningepanda lori ningekukuta bado uko kitandani kwa uzazi. Sikuja. Na hapa nyumbani sikumwambia mtu. Ndiyo wanasikia sasa hivi, kwa sababu napiga kelele. Dawa haikunizuia. Niliogopa. Mtu akiwa na mwiko, watu wakikaa mbali unasema ni mwiko. Nikisema mwiko umekwisha, na bado wakae mbali, nitasema ni nini? Nilikuwa najiona nimenyoosha mikono nimpokee mtoto, na wewe unamvuta kidogo tu, vile mama anavyovuta bila kujua. Nikaona heri unichukie kuliko nione hiyo.

Fransiska amesimama uani na sufuria yake. Amesikia. 

Kibuyu kinakuja na barua hii kwa lori la shamba la ngano, dereva anamjua Basili. Samli ni safi. Pika nayo, ule, umnyonyeshe. Mkono wako ukisita, wape mbwa, sitakulaumu, lakini usinidanganye kwamba umekula. Ukiwa umekula, njoo na mtoto kabla ngano haijakauka, maana Basili akishapanda kombaini hashuki. Nitakaa hapa mlangoni. Mikono sitanyoosha. Nitangoja uniwekee mwenyewe.

Msalimie Basili. Mama mkwe wako mwambie asante, amefanya kazi yangu na Mungu ameona. Mtoto sijui nimsalimie kwa jina gani, hamkuniletea jina. Mwambie bibi yupo.

Tadeo anasema pa sahihi nitie dole gumba. Nimemwambia anitupie karatasi na biki nijipake. Amekataa. Ameingia na kigoda chake, amekaa, amenipaka wino, amelishika dole langu kama anayekamua ng'ombe mkali. Vidole vyake ni vya baridi, ni kukaa nje muda wote huu.

Ni mimi mama yako,
Bernadina

Alama imevutika pembeni, utaiona. Tadeo hakukosea. Yeye alishamaliza, mimi ndiye sikumwachia mkono.